Kompyuta ya Linux Inapogoma Kuwaka au Kuingia Mtandaoni: Hatua za Kufuata Kabla ya Kusakinisha Upya

Karibu kila wiki mtu huniuliza mojawapo ya maswali mawili. La kwanza ni la kompyuta ya Linux iliyokuwa nzima jana, ambayo leo inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe. La pili ni la kompyuta inayowaka vizuri lakini haipati mtandao, hata kama simu iliyo mezani pembeni yake inaupata. Nikimwuliza mwenye kompyuta amekwisha kufanya nini, mara nyingi hunijibu kwamba anatafuta flashi ili asakinishe mfumo upya. Nimeandika mwongozo huu ili kumzuia mtu huyo. Kusakinisha upya huweza kufuta faili ambazo hazikuwa na kosa lolote, humaliza bando, na mara nyingi hakuondoi chanzo, kwa hiyo tatizo hurudi baada ya siku chache. Matatizo mengi ya aina hii hutokana na mstari mmoja ndani ya faili moja ya usanidi, yaani faili ya mipangilio, na kazi yako ni kuupata mstari huo.

Mifano yote hapa ni ya Ubuntu na Debian. Ukitumia toleo jingine la Linux, mantiki ni ile ile, ila majina ya baadhi ya faili na amri yatabadilika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tayarisha vitu hivi vyote mezani kwanza, kwa sababu ukishaanza hutapenda kuinuka kutafuta waya.

- Flashi ya GB 8 au zaidi yenye Ubuntu inayoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Itengeneze mapema, wakati kompyuta bado ni nzima, au kwa kompyuta ya jirani.
- Simu ya Android yenye bando, pamoja na waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha chaji tu, kwa hiyo ujaribu kwanza kwa kuhamisha picha.
- Waya wa mtandao wa kuunganisha kompyuta na ruta.
- Nywila yako ya kuingilia kwenye mfumo, na nywila ya Wi-Fi.
- Diski ya nje ya kuhamishia faili, ikitokea kwamba diski ya ndani inakufa.
- Daftari. Kila amri utakayoandika na kila faili utakayobadilisha, iandike humo pamoja na saa.

Nadharia ni fupi. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, programu ya ubaoni, yaani UEFI au BIOS, huitafuta diski na kuikabidhi kazi GRUB, programu inayochagua na kuanzisha mfumo. GRUB hupakia kerneli, yaani kiini cha Linux, na mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs. Initramfs huitafuta diski yenye mfumo kamili na kuifungua, kisha systemd, programu inayosimamia huduma, huanzisha huduma zote, mtandao ukiwemo. Mahali safari ilipokatikia ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Hatua za kufuata

1. Tambua mahali ilipokwama. Washa kompyuta na usiguse kitu kwa dakika tatu kamili. Ukiona `grub rescue>`, tatizo liko kwa GRUB, nenda hatua ya 5. Ukiona `(initramfs)`, kerneli imepakiwa lakini diski haikufunguka, nenda hatua ya 3. Ukiona maneno `You are in emergency mode`, mfumo umefunguka na umekwamia kwenye huduma au patisheni (sehemu ya diski) fulani, nenda hatua ya 4. Ukifika kwenye skrini yako ya kawaida ya kufanyia kazi na kukosa mtandao tu, ruka hadi hatua ya 7. Piga picha ya skrini kwa simu, hasa mistari mitano au sita ya juu ya ule wa mwisho, kwa kuwa mstari wa mwisho aghalabu ni matokeo ya kosa lililotajwa juu yake.

2. Ondoa nembo inayoficha ujumbe. Ikiwa unaona nembo tu inayozunguka, zima kompyuta, iwashe tena, kisha bonyeza Esc mara moja, au ushikilie Shift kwenye kompyuta za BIOS, hadi menyu ya GRUB itokee. Ukibonyeza Esc mara nyingi mno utaangukia kwenye `grub>`. Andika `normal`, bonyeza Enter, kisha Esc mara moja. Kwenye menyu, simama juu ya mstari wa Ubuntu na ubonyeze herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, futa maneno `quiet splash` yaliyo mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Sasa utaona kila kinachoanzishwa na kila kinachoshindwa. Badiliko hili ni la safari hiyo moja tu, kwa hiyo huwezi kuharibu chochote. Ikiwa skrini huwa nyeusi kabisa mara tu baada ya menyu, jambo la kawaida kwenye kompyuta zenye kadi ya Nvidia, weka neno `nomodeset` mahali pa yale uliyofuta.

3. Rekebisha diski iliyozimwa ghafla. Huku kwetu umeme hukatika bila taarifa, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) huzimika ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski. Ikiwaka tena huweza kukuonyesha maneno `requires a manual fsck` pamoja na jina la patisheni, kisha ikakuachia `(initramfs)` na alama ya kuandikia inayopepesa. Soma jina la patisheni hiyo kwa makini, kisha uandike, ukibadilisha jina kulingana na lako:

```
fsck -y /dev/sda2
exit
```

Itachukua dakika chache kwenye diski ndogo na muda mrefu kwenye diski kubwa ya zamani, iache imalize. Ukisahau jina la patisheni, amri `blkid` itakuorodheshea zote. Kamwe usiendeshe `fsck` kwenye patisheni ambayo imepachikwa, yaani imeunganishwa kwenye mfumo, na inatumika, kwa maana hapo unaweza kuiharibu kweli kweli. Aidha, ikiwa tatizo hili linarudi hata pasipo umeme kukatika, shuku diski yenyewe: washa kwa flashi, hamisha faili zako zote kwanza, ndipo usakinishe `smartmontools` na kuendesha `sudo smartctl -H /dev/sda`. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu diski inayokufa huenda isikupe nafasi ya pili ya kunakili.

4. Chunguza faili ya fstab. Hapa ndipo ninapokutana na wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Utaona nyota nyekundu zikienda kushoto na kulia, pembeni yake maneno `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/` yakifuatiwa na msururu wa herufi na tarakimu, na sekunde zikihesabiwa kuelekea `1min 30s`. Maana yake ni kwamba faili `/etc/fstab` inataja patisheni ambayo kompyuta haiioni, na systemd inaisubiri kwa sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Huenda ulichomoa diski ya pili, huenda uliipangusa na kuiunda upya hivyo ikapata namba mpya, au ulisakinisha Linux nyingine kando ya hii na kisakinishi kikaiunda upya patisheni ya swap (nafasi ya diski inayoisaidia RAM). Ikiwa ni swap tu, mfumo utasubiri kisha utaendelea. Ikiwa ni patisheni ya kawaida, utaingizwa kwenye hali ya dharura.

Ukiwa kwenye hali hiyo, bonyeza Enter au andika nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) kama inavyoombwa, kisha fuata amri hizi:

```
mount -o remount,rw /
cp /etc/fstab /root/fstab.zamani
lsblk -f
nano /etc/fstab
```

Linganisha UUID, yaani namba za utambulisho za patisheni, zilizoonyeshwa na `lsblk -f` na zile zilizomo kwenye faili, herufi kwa herufi. Ile isiyolingana ndiyo mkosaji. Ama irekebishe, ama uweke alama ya # mwanzoni mwa mstari wake ili usisomwe. Kwa diski ambayo huchomolewa mara kwa mara, ongeza neno `nofail`, nalo litaufanya mfumo uendelee kuwaka hata diski isipokuwapo:

```
UUID=weka-namba-yako  /mnt/data  ext4  defaults,nofail  0  2
```

Hifadhi, kisha usiwashe upya kabla ya kupima kazi yako kwa `findmnt --verify`, halafu `systemctl daemon-reload`, halafu `mount -a`. Zikipita bila malalamiko, andika `reboot`. Mstari wenye alama ya / peke yake kwenye safu ya pili usiufute wala usiufunge kwa #, kwa sababu ndio unaotaja mfumo mzima. Na ukiambiwa kwamba akaunti ya root imefungwa, usihangaike: washa kwa flashi, pachika patisheni yako kwenye `/mnt`, uhariri `/mnt/etc/fstab` kutoka huko.

5. Rudisha GRUB iliyopotea. Hii hutokea baada ya kusakinisha mfumo mwingine, kupunguza patisheni, au kuhamisha diski. Washa kwa flashi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), na uangalie kwanza kama flashi yenyewe imewaka kwa UEFI:

```
ls /sys/firmware/efi
```

Saraka (folda) hiyo ikiwapo, ni UEFI. Isipokuwapo, ni BIOS. Flashi ni lazima iwake kwa njia ile ile iliyotumika kusakinisha mfumo wako, la sivyo utarekebisha kitu ambacho hakitumiki. Kisha, ukichukulia kwamba `sda2` ndiyo yenye mfumo na `sda1` ndiyo ya EFI (yenye faili za kuwashia):

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
exit
sudo reboot
```

Kwenye diski za NVMe majina huwa kama `/dev/nvme0n1p2`. Kwenye kompyuta ya BIOS, acha mstari wa EFI, na mahali pa `grub-install` pekee andika `grub-install /dev/sda`, bila namba ya patisheni mwishoni; kuongeza namba hiyo ni kosa ninaloliona kila mara. Ikiwa baada ya hapo Windows haionekani kwenye menyu, haijafutwa. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji wa mifumo mingine huzimwa kwa chaguo-msingi. Fungua `/etc/default/grub`, weka mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, na uendeshe `sudo update-grub`.

6. Ukishaingia, soma kumbukumbu za mfumo. Usishangilie mapema. Endesha `systemctl --failed` kuona huduma zilizoanguka, na `journalctl -b -1 -p err` kuona makosa ya safari iliyopita. Kama kompyuta inawaka lakini kwa kuchelewa, `systemd-analyze blame` itakupangia huduma kwa muda ziliotumia, iliyochukua muda mrefu zaidi ikiwa juu.

7. Hakikisha kadi ya mtandao inaonekana. Kabla ya kugusa faili yoyote, chomeka waya wa mtandao na uangalie taa ndogo iliyo kando ya tundu lake. Isipowaka, badilisha waya au tundu la ruta kwanza. Kisha:

```
ip -br link
nmcli device
rfkill list
```

Jina linaloanza na `en` ni la waya, na linaloanza na `wl` ni la Wi-Fi. Kwenye orodha ya `nmcli`, `disconnected` humaanisha kadi ni nzima ila haijaunganishwa. `unavailable` humaanisha waya haujachomekwa, au redio ya Wi-Fi imezimwa, au firmwea yake (programu ndogo ya ndani ya kadi) haipo. `unmanaged` humaanisha NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, imeambiwa isiiguse. Ikiwa `rfkill` inasema `Soft blocked: yes`, andika `sudo rfkill unblock wifi`, ikisema `Hard blocked: yes`, tafuta swichi ya Wi-Fi kwenye mwili wa laptopu.

Kadi ya Wi-Fi isipoonekana kabisa, endesha `lspci -nnk` na utafute mstari wenye neno `Network controller`. Ikiwa chini yake hakuna `Kernel driver in use`, draiva (programu inayoiwezesha kerneli kuitumia kadi) haipo. Tatizo ni kwamba ili kuipakua draiva unahitaji mtandao huo huo unaoukosa, na hapa ndipo simu ya Android inapokuokoa: iunganishe kwa waya wa USB, washa kwenye simu ushirikishaji wa intaneti kwa USB, na kompyuta itaiona kama kadi ya waya bila kuhitaji draiva yoyote ya ziada. Kwa Debian, tangu toleo la 12 la mwaka 2023 firmwea hizo huja pamoja na kisakinishi, kwa hiyo ukitumia toleo la zamani zaidi usishangae kuzikosa.

8. Pima safari ya mtandao kipande kwa kipande. Wanaoanza hufungua kivinjari, hukiona kimegoma, wakahitimisha kwamba mtandao haupo. Kivinjari hakikuambii ni wapi pamekatika. Fuata mpangilio huu, na ukome kwenye jibu la kwanza lililo baya:

```
ip -br addr
ip route
ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
getent hosts wikipedia.org
```

Amri ya kwanza ikikosa anwani kwenye kadi yako, ruta haijakupa anwani. Ya pili ikikosa mstari unaoanza na `default`, kompyuta haijui njia ya kutokea nje. Kwenye ya tatu, weka anwani ya ruta uliyoiona kwenye mstari huo wa `default`. Isipojibu, ingawa ruta chache huzuia ping kwa makusudi, tatizo liko kati yako na ruta. Ya nne isipojibu ilhali ruta imejibu, tatizo liko kwa ruta au kwa kampuni inayokupa intaneti, au bando limekwisha. Zote zikijibu isipokuwa ya mwisho, ni DNS tu, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Iangalie kwa `resolvectl status`, na usikimbilie kuhariri `/etc/resolv.conf` kwa mkono, kwa kuwa kwenye Ubuntu faili hiyo ni kiungo kinachotengenezwa na mfumo, na ulichoandika kitafutika. Badilisha kupitia NetworkManager:

```
nmcli connection show
sudo nmcli connection modify "Jina" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8"
sudo nmcli connection up "Jina"
```

9. Rekebisha faili ya usanidi, moja tu. Kompyuta za Ubuntu za seva hutumia netplan, programu ya kupanga mtandao, na faili zake zimo kwenye `/etc/netplan`. Debian isiyo na meza ya picha (mazingira ya madirisha na aikoni) hutumia `/etc/network/interfaces`. Kosa ambalo huwapotezea watu siku nzima ni jina la kadi: ukiongeza au kuhamisha kadi ndani ya kasha, `enp3s0` huweza kugeuka `enp4s0`, na faili ikabaki ikitaja kadi isiyokuwapo tena. Linganisha na `ip -br link`, kisha uandike jina sahihi:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp4s0:
      dhcp4: true
      optional: true
```

Nafasi za mwanzoni mwa mistari ziwe za kitufe cha nafasi, si Tab, kwa kuwa Tab moja tu hufanya faili nzima ikataliwe. Nakala rudufu usiiache ndani ya saraka hiyo ikiwa na mwisho wa `.yaml`, kwani netplan husoma kila faili yenye mwisho huo. Jaribu kwa `sudo netplan try`. Usipothibitisha kwa Enter ndani ya sekunde 120, usanidi wa awali hurudi wenyewe, jambo la msaada mkubwa ikiwa unaifanyia kazi seva iliyo mbali.

Neno `optional: true` ndilo pia dawa ya kompyuta inayokaa takribani dakika mbili ikisema `Wait for Network to be Configured` kila inapowaka bila waya. Bila neno hilo, systemd husubiri kadi ambayo haina pa kuunganishwa.

Ikiwa bado haijakubali

*Kadi inasema `unmanaged` kwenye Debian yenye meza ya picha.* Imetajwa ndani ya `/etc/network/interfaces`. Weka # mbele ya mistari yake, acha ile ya `lo`, kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`.

*Unaandika nywila sahihi, skrini inamweka, unarudishwa pale pale pa kuingilia.* Mara nyingi diski imejaa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia kwa maandishi, angalia `df -h`, kisha punguza kwa `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`.

*Patisheni ya Windows inafunguka kwa kusoma tu.* Windows haikuzimika kikamilifu. Rudi ndani yake, zima kipengele cha Fast Startup, kisha uizime ipasavyo.

*Ping inajibu, majina yanapatikana, lakini tovuti zote zinalalamikia cheti, na `sudo apt update` inasema `Release file is not valid yet`.* Andika `date`. Niliwahi kuitwa kwenye maabara ya kompyuta ya shule ambako walikuwa wamebadilisha waya, ruta, hata laini ya intaneti, kabla mtu hajatazama saa: kompyuta kumi na moja za mtumba zilikuwa zinadhani ni mwaka 2009. Betri zake za ubaoni zilikuwa zimekufa, hivyo kila umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma, na vyeti vya tovuti vikaonekana kama havijaanza kutumika. Rekebisha kwa muda kwa `sudo date -s "2025-03-14 09:30"`, ukiweka tarehe na saa ya wakati huo, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`. Halafu zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua kasha, utoe ile betri bapa iliyo kama sarafu, na uweke CR2032 mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu.